Botte Zako Niko Nazo Miye

Kavira mujukulu wangu,

Acha kutukana mbwa ya Mama Furaha. Mbwa haikuiba kitu. Botte zako niko nazo miye.

Tangu asubui unazunguka lupango, uwanja yote ya nyumba, unainama chini ya kitanda, unaenda kuuliza majirani, unarudi unapigia ile mbwa makelele mpaka imejificha. Miye nimeikaa hapa ku mulango, ninachagua maharagi, ninakuangalia tu. Uliniuliza, "Koko, haujaona botte zangu za mupira?" Nikajibu, "Macho yangu imezeeka." Ile si bongo, sikusema uongo. Macho imezeeka kweli. Mais haukuniuliza kama mikono yangu njo ilizificha.

Sasa umetoka kwenda kuaga barafiki mbele ya safari yako, na miye nimebeba bic na karatasi. Ninaandika ku mulango juu mwangaza ingaliko, sitaki lampe. Weye njo ulinifundisha kusema vile: mwangaza ya Mungu, hapana flash. Bon, barua hii nayo ni ya mwangaza ya Mungu. Jua ikiingia mbele nimalize, itaishia pale itakuwa imefika.

Usicheke maandiko. Nilisomaka mpaka darasa ya tatu tu, kisha baba akasema shule ya binti imetosha. Lakini herufi zote ninazijua, na sikuomba mutu aniandikie. Ninaandika sababu nikisema na kinywa ninagombeza, na nikigombeza weye unacheka, unasema "Koko ameshafungula radio yake," kisha unatia bile bitu byako mu masikio. Karatasi utaisoma hata kama hautaki, nakujua, hauwezi kuona maandiko ukaiacha.

Sitakuambia ubebe nguo ya baridi, wala nini ukule njiani. Uko mutu mukubwa. Kama bile haubijue, basi nililea mbuzi.

Nataka kukuambia juu ya cadre.

Siku ya Mungu hii imepita, ninatoka misa, ninafungula mulango, ninakuta nini? Sura yako ku ukuta. Kubwa! Ndani ya cadre ya kioo, na mapembe inangaa sawa zahabu. Na uliitundika wapi? Pembeni ya mama yako.

Kavira, weye unafanya kazi ya studio hapa Butembo. Weye mwenyewe njo unatengenezaka zile photo. Mutu akikufa, familia inakuja mbio na ka photo kadogo ka carte ya kitambulisho, munakakuza, munatia ndani ya cadre, na siku ya kuzika mutoto moja anaibeba mbele ya sanduku, ili batu bote baone ni nani anaenda. Hapa kwetu hakuna mutu hajue. Arusi iko na album. Cadre kubwa ya mutu peke yake, anaangalia mbele, hacheke, ile iko na kazi moja tu.

Nilikuita, ukakuja unacheka.

"Koko, ni zawadi! Ili usinisahau."

"Nikusahau? Umekufa?"

"Eh, Koko nawe! Ni photo tu."

"Na mama yako pale, yeye ni nini? Si photo tu?"

Ukaacha kucheka. Nilitaka uache. Kisha ulivyoacha, roho ikaniuma.

Na haujue yenye ilifuata, sikukuambia. Kesho yake, weye uko ku kazi, Mama Furaha akaingia kuomba chumvi. Akainua macho, akaona ukuta, akatia mikono ku kichwa. "Yooo! Kavira! Lini? Weye Masika, mbona haukutuita?" Na machozi tayari inashuka! Nikamuambia, "We, funga kinywa. Mutoto iko ku kazi, mangaribi atarudi." Akaangalia cadre, akaniangalia miye, akasema pole pole, "Basi mbona mumeshamutia ku ukuta?" Akaenda bila chumvi. Miye nikabaki nimesimama katikati ya nyumba na chumvi yake mu mukono.

Njo siku ile nilificha botte, ndani ya pipa, chini ya maharagi. Nilijiambia: bila botte hataingia mu pori. Bila pori, hakuna photo ya ile chute, ile maji yenye inaanguka ku mulima. Bila photo, ule patron mwenye studio ya Beni hatamupatia kazi, sababu alisema wazi, "Uniletee maji ya mulima, ya mwangaza ya asili, njo nitajua kama uko mupiga picha ao unafinya tu kifungo." Na bila kazi ya Beni, mutoto atabaki kwangu. Ona vile akili ya mwanamuke muzee inatembea. Inatembea muzuri, mais inaenda fasi mubaya.

Haukumbuke, ulikuwa kadogo. Homa ilibeba mama yako, na mutoto wa kubeba photo mbele ya sanduku ulikuwa ni weye. Uliikumbatia mpaka haukuona njia, nikawa ninakushika bega. Kufika ku kaburi ukaniuliza, "Koko, niitie wapi?" Hakuna mutu alikuwa amefikiri ile. Batu banatupa udongo, na weye umesimama na mama yako mu mikono. Njo nikaileta hapa, nikapiga musumari na jiwe, sababu nyundo haikuwa. Donc usiniambie ni photo tu.

Bon. Tuache cadre kidogo, tuseme juu ya maji. Ile maji yenye unakimbilia ninaijua. Hapana kwa photo. Kwa miguu.

Mbele niolewe huku Butembo nilikuwa binti ya kule Mutwanga, na nyumba ya baba ilikuwa ya mwisho, kisha yake ni miti tu na mulima. Miye na mudogo wangu Kahambu, yule mwenye atakupokea, tulikuwa tunaenda kufua pale chini ya chute. Siku ile ulisimamisha appareil yako ya photo na miguu yake tatu hapa mu lupango, kuku zote zikakimbia, nilikusikiliza kuliko vile ulifikiri. Ulisema hautaki jua yenyewe, jua ikigonga maji photo inaungua, inabaki weupe mutupu. Unataka ule mwangaza wa asubui, wakati jua ingali nyuma ya mulima. Ukanionesha mu telephone kwamba upande ule jua inachelewa kupanda. Kitu ile niliijua mbele mama yako azaliwe, mais sawa, telephone nayo ijue. Kisha ukasema appareil inafungula jicho yake muda murefu, na maji inatoka laini sawa maziwa. Na weye, wakati ile, unasimama kimya, hautingizike, haugeuke.

Weye ulikuwa unaona maziwa. Miye nikaona kitu ingine: mutoto wangu ndani ya pori asubui, amesimama kimya, jicho moja ku appareil, ingine imefungwa, mugongo wazi.

Tangu pale silale muzuri. Nikifunga macho ninaona ule mugongo wako, na ile chemise yako ya kijani.

Ninajua, bagarde ba parc, balinzi ba pori, batakuwa nawe na bunduki yabo. Ninajua uliuliza, bakakujibu upande ule umetulia. Kwetu, "umetulia" maana yake ni: leo hapana. Bale batu ba mapanga sitaandika jina yabo ndani ya barua yangu, unabajua. Binti ya kaka yangu alienda asubui ku shamba ya kakao karibu na Beni, mpaka leo sahani yake mama yake anaiosha na kuiweka fasi yake. Kila moto, kila pikipiki yenye inapita hapa na mwendo, ninasimama. Ninafikiri barabara kutoka hapa mpaka Beni, kutoka Beni mpaka Mutwanga, kila barrière yenye inafunga njia, kila musoda mwenye hajalala usiku na anaona ile miguu tatu inatoka mu sakosi, anafikiri ni silaha. Unaona? Nimesema sitakupa mafundisho ya njia, na tayari ninaenda nawe njia yote.

Na hata kama njia ni salama na pori ni salama, kungali maji.

Sikiliza. Pale chute inaangukia, masikio inakufa. Unaweza kulia na nguvu zote, mutu mwenye iko kando yako hasikie. Njo maana mama yetu alitutilia sheria: hapana kwenda peke yako, na hapana kushuka ku maji bote wawili. Moja anafua. Mwingine anabaki juu, ku jiwe kubwa fasi njia inapinda, pale makelele ya maji inakatika. Kazi yake ni kusikia tu. Hapana kuchuma majani, hapana kuimba. Tulikuwa tunamuita sikio. "Leo nani sikio?" "Leo ni weye, jana nilikuwa miye!" Tulikuwa tunagombana juu ile ni kazi ya kuchosha, hakuna kitu inasikilika.

Sikio anasikiliza majiwe. Mvua inaweza kunyesha kule juu ya mulima, na huku chini jua inawaka, nguo inakauka. Maji ikijaa kule, mbele ifike inasukuma majiwe, na majiwe inagongana: ko, ko, ko, sawa mutu anagonga mulango ya jirani. Ukisikia ile, hauna tena wakati wa kufikiri.

Siku moja sikio ilikuwa ni miye. Kahambu iko chini, maji ku magoti, anafua kikwembe ya mama. Mbingu safi kabisa. Nikasikia: ko. Nikasimama. Ko, ko. Nikaita, "Kahambu! Panda!" Bure. Nikalia na sauti yote Mungu alinipatia, na sauti yangu unaijua, soko nzima inaijua. Bure. Amenigeuzia mugongo, anapiga nguo ku jiwe, anatingisha kichwa, nafikiri alikuwa anaimba. Nishuke nimufate? Nisingefika. Njo nikaokota jiwe, nikatupa. Ya kwanza ikaanguka mu maji pembeni yake, hata hakugeuka. Ya pili ikamupata hapa, juu ya sikio, damu ikatoka.

Ulishaona mutu anapanda mulima na kasirani? Kahambu aliacha kikwembe, akaacha sabuni, akapanda ile njia ya matope na miguu na mikono, ananitukana miye na bwana wangu mwenye hata sikuwa nimemupata bado. Akafika juu, akanipiga kofi. Akainua mukono kwa ya pili, na pale pale maji ikapita. Haikuwa tena maji, ilikuwa udongo, na miti muzima, na majiwe. Fasi alikuwa anasimama haikuwa tena fasi. Mukono yake ikabaki juu. Ile kofi ya pili haikunifikia mpaka leo.

Alama utaiona, anaifichaka na kitambaa. Batu ba Mutwanga banajua tu kwamba Masika alipiga mudogo wake na jiwe. Sikuwahi kubaeleza. Baseme.

Lakini ile siku iliniharibu pia, nikuambie kweli. Tangu pale ninasikia majiwe kila fasi, hata fasi hakuna muto. Nilikukatalia kwenda Lubero na bakwaya, kumbe hata mvua haikunyesha, benzako bakarudi banaimba na bananenepa. Nilikukatalia kujifunza kuendesha moto. Nilimufukuza ule kijana wa mashine ya kusaga, na alikuwa mutu muzuri, sasa ameoa, na bibi yake ananisalimiaka vizuri kuliko weye. Kila mara nilikutupia jiwe na kule juu hakukuwa kitu. Na mutu akitupiwa majiwe ya bure siku zote, siku ya kweli atapanda? Njo ile inaniogopesha kuliko pori. Kwamba siku moja mutu atakuita na nguvu, na weye utasema moyoni, ah, ni Koko na radio yake.

Leo asubui, wakati unatafuta botte kwa majirani, nilimupigia Kahambu.

"Yaya Masika, mukubwa wangu! Mutoto anafika lini? Nimeshatandika chumba."

"Sikiliza. Hapana kumuacha peke yake ku maji."

"Bagarde batakuwa naye."

"Bagarde batachunga pori. Mulima nani ataisikiliza?"

Nikasikia anavuta kiti, anaikaa. Kisha akacheka, kile kicheko yake yenye iko na kikohozi ndani. "Magoti yangu imekwisha, Yaya, mais masikio ingaliko. Nitapanda pole pole, nitaikaa ku jiwe. Siku ile ulikuwa weye. Sasa ni zamu yangu."

"Na akikosa kukusikia?"

"Nitamutupia jiwe. Nimengoja miaka mingi nipige mutu wa nyumba yako."

Akakata yeye wa kwanza, mujinga ule. Niliweka telephone chini, na mara ya kwanza tangu siku ya cadre nikapata njaa.

Donc hii njo neno yangu, na sina ingine. Hapa siko nagombeza, ninakuomba. Koko Kahambu akikutupia jiwe, hapana kugeuka kumuuliza. Hapana kukunja ile miguu tatu. Hapana kusema, "Koko, kidogo tu, ingali jicho wazi." Acha appareil pale. Acha maziwa yako. Panda. Kama maji inaenda na appareil, tutalia pamoja, kisha tutanyamaza. Na kama ukifika juu unakuta kule hakukuwa kitu, hata tone, umupige kofi. Kofi sisi tunajua kuipokea.

Botte nimezitoa mu pipa. Ile ya kushoto ilikuwa na katundu ku kisigino, haukuona. Ulitaka kuingia mu maji nayo vile? Nimeipeleka kwa ule fundi mwenye anabandikaka mipira ya moto pale ku kona, akaitia kiraka. Ziko ku mulango, ukiingia utazigonga na muguu. Ukikuta haragi ndani usifikiri ni dawa ya mufumu, ni juu ya fasi nilizificha. Ndani ya ile ya kuume nimetia chapelet yangu ya kusali. Itoe mbele utie muguu, isikatike.

Cadre yako nimeitoa ku ukuta. Nimeifunga na kikwembe, iko mu sakosi yako katikati ya nguo, kioo isivunjike. Itundike ku chumba yako ya Beni. Fasi mutu analala na anaamka, sura yake ku ukuta haina mubaya. Kwangu hapa, fasi ungekuwa hauko, hapana. Sitaki mutu tena aingie kuomba chumvi akaniulize lini.

Mais musumari nimeiacha. Iko pale pembeni ya mama yako, mutupu. Usifikiri nitatundika calendrier. Ile musumari inangoja maji yako. Uilete weye mwenyewe na mikono yako, usitume na chauffeur, usinionyeshe mu telephone nikaanza kutafuta miwani. Nataka kuona fasi Kahambu alikuwa anasimama. Nataka mama yako akuwe na kitu ya kuangalia pembeni yake yenye si mutu.

Jua imeshafika ku paa ya Mama Furaha, mistari siione tena muzuri. Ninakusikia ku njia. Ungali unauliza batu juu ya botte, na unacheka, na mbwa inabweka. Bon. Ingia. Zigonge. Soma. Kasirika, kasirika kabisa. Beba ile kasirani mpaka Mutwanga, na kutoka kule mpaka Beni, usiipoteze ku njia hata kidogo, kisha siku moja upande nayo mpaka hapa mu lupango unipigie makelele yote yenye ulipigia mbwa.

Mungu akutembeze. Miye nitakuwa hapa ku mulango, fasi makelele inakatika.

Ninasikiliza.

Koko wako,
Masika